Nyundo, Kiberiti na Kilo Nne na Nusu

3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama umeshika bisibisi, iweke mezani. Umekaa? Nimepata kiti!

Si kiti cha ofisini, ni kiti cha nyuma ya pikipiki! Kuna mashindano ya baiskeli ya siku tatu, tarehe ishirini na nne hadi ishirini na sita, na mpwa wako ndiye atakayekaa nyuma ya pikipiki ya gazeti, mbele ya waendeshaji wote, akiwapiga picha usoni. Mhariri wa michezo alinikuta jana pale dirishani kwangu nikipiga watu picha za vitambulisho, "tazama hapa, usicheke, anayefuata," akaniambia mpiga picha wake amehamia gazeti jingine. Nikileta picha inayostahili ukurasa wa mbele, kazi ni yangu, tena ya kudumu. Nisipoleta, narudi dirishani. Miaka mitatu niko pale, Mjomba. Nimechoka kuwakataza watu kucheka.

Ila kuna kizingiti. Mwaka jana mpiga picha mmoja alivutwa na begi lake kwenye kona, akaanguka, akavunjika bega. Kwa hiyo mwaka huu waandaaji wameweka sheria: begi na vyote vilivyomo visizidi kilo nne na nusu. Asubuhi ya mashindano kila begi linatundikwa kwenye mizani mbele ya watu. Likizidi, mwenyewe anashuka na pikipiki inaondoka bila yeye.

Nimempima Nyundo, ile kamera uliyonipa, kwenye mizani ya jikoni. Mwili peke yake gramu elfu moja mia nne na ishirini. Lenzi ndefu elfu moja mia nne na themanini, lenzi fupi mia tisa, betri ya akiba mia moja themanini, koti la mvua la kamera mia mbili, begi kilo nzima. Jumla kilo tano na gramu mia moja themanini. Tumezidisha gramu mia sita themanini, hata kama nitapanda bila viatu.

Basi nimepata kamera ndogo, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Iko humu kwenye boksi pamoja na barua hii. Ina gramu mia sita na sitini tu, ukiishika unadhani wamesahau kuweka vitu ndani! Shida ni ile pete ya kuunganishia lenzi zetu za zamani. Inacheza, na lenzi nzito inatikisika. Ikaze, Mjomba, wewe ndiye fundi pekee ninayemwamini. Wewe unazo lenzi za kujaribia kwenye droo yako, kwa hiyo zangu nimebaki nazo, nafanya mazoezi ya kuzibeba.

Najua simu huitaki kwa mazungumzo marefu, kwa hiyo nijibu kwenye boksi hilo hilo. Nisalimie mkaza mjomba.

Mpwa wako,
mtu wa kiti


7 Machi

Mpwa wangu mpenda mbio,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti. Mke wangu amepiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Nikawaambia hajaolewa mtu, ni mpwa wangu amepata pikipiki. Wakaondoka wameduwaa. Hongera, mama. Hongera sana!

Sasa tuje kwa hiki ulichonitumia. Nimefungua boksi, nikatoa karatasi, nikatoa sponji, nikatafuta kamera. Hii ndiyo kamera? Hiki ni kiberiti! Nimekishika, kidole changu kidogo kikabaki kinaning'inia hewani hakina pa kukaa. Nimekifunga lenzi nzito, kikainama mbele na kusinzia. Ulisifu gramu mia sita na sitini, lakini lenzi umebaki nazo zile zile, na lenzi hazijui kama nyuma yake kuna kioo au hakuna. Umepunguza kichwa ukaacha tumbo.

Halafu hakina sauti. Nimebonyeza mara tano nikidhani kimekufa, kumbe kimeshapiga picha tano za pua yangu. Nyundo akipiga, kioo kinapanda, kinashuka, klak, wewe unajua na unayempiga anajua. Miaka kumi na miwili nilimbeba Nyundo shingoni, na uzito wake ndio ulionituliza mikono. Kitu chepesi kinakutetemesha kama umeiba.

Lakini sikatai kazi. Pete nitaikaza. Na kwa kuwa sitaki kuona mpwa wangu akidondosha kiberiti barabarani, nitakichongea bamba la shaba la kufunga chini yake, lenye mahali pa kukaa kidole. Shaba ninayo, jiliwa la kubania ninalo, tupa za kukwangulia ninazo. Nipe muda. Usiwe na presha, nikichelewa Nyundo unaye.

Vipi, mlio wake bado uko vile vile? Usiache vumbi limwingie.

Mjomba wako,
Fundi


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na tafadhali, shaba hapana! Hapana kabisa!

Sikukupa hesabu yote, kosa langu. Hata na Kiberiti (jina limekaa, ofisini wote wanakiita hivyo sasa) bado nimezidisha. Sikiliza. Kiberiti mia sita na sitini. Pete mia moja thelathini. Lenzi zote mbili, kama ulivyosema, ni zile zile. Betri zake ni ndogo na zinakwisha upesi, kwa hiyo siyo moja ya akiba, ni tatu, na zote pamoja ni gramu mia mbili na arobaini. Koti la mvua, begi. Jumla kilo nne na gramu mia sita na kumi. Nimezidisha gramu mia moja na kumi, na wewe unataka kunifungia shaba! Unataka nishuke mbele ya umati wote?

Jana nimefanya mazoezi na dereva wangu. Ni mwanamke, wanamwita Breki, kwa sababu haijulikani kama amewahi kuzigusa. Sikuwa na kamera, nikabeba mfuko wa sukari wa kilo mbili, nikawa nauinua usoni kila kona kana kwamba napiga picha. Watu kituoni wametuona wanawake wawili tunapita mbio, mmoja amekaa kinyumenyume anachungulia sukari. Tumepita mara tatu. Mara ya tatu walitupigia makofi.

Mjomba, nimefurahi sijui niseme nini. Upepo ule! Kona zile! Usiku silali, nahesabu gramu. Nimekata hata mkanda wa begi uliokuwa umezidi urefu, nikapata gramu kumi na mbili.

Nyundo yuko mahali salama, hana vumbi hata chembe. Lakini nakihitaji Kiberiti. Nikizoee kabla ya siku yenyewe. Pete tu, Mjomba, ukaze, unirudishie.

Mpwa wako mwenye njaa ya gramu


13 Machi

Mpwa,

Nani aliyekwambia mjomba wako hajui hesabu?

Ulipoandika "begi kilo nzima" nilimsomea mke wangu. Akauliza, begi tupu lina kilo nzima, limeshonwa na mawe? Kabla sijajibu alikuwa ameshakata turubai lile jepesi la kufunikia cherehani yake. Siku mbili hakunipikia vizuri, lakini begi ndilo hili umelishika. Nimelipima: gramu mia tatu na hamsini, na mvua haipiti. Umeokoa gramu mia sita na hamsini bila kugusa kamera yoyote. Wote tulikuwa tunakodolea macho kamera, mwanamke akatazama begi.

Sasa rudi kwenye ile hesabu ya Nyundo. Elfu tano mia moja themanini, toa mia sita na hamsini. Kilo nne na gramu mia tano na thelathini. Umezidisha gramu thelathini tu! Gramu thelathini ni vifuniko vya lenzi na kile kitambaa chako cha kufutia. Viache nyumbani, futia shati. Nyundo anapita! Nimeruka hapa kwenye stuli, magoti yakanikumbusha umri wangu.

Kwa hiyo tumemaliza. Wewe nenda na Nyundo, mtu mzima mwenzako, anayekujua mkono. Kiberiti nibaki nacho mpaka mashindano yaishe. Pete yake bado inahitaji kuangaliwa, kuna skrubu moja siielewi, na lazima niijaribu kwenye jua, na kivulini, na kwa watu wanaotembea, na kwa mbali. Kazi ya fundi haina haraka. Betri zake kweli ni za mchezo, zinaishia picha mia tatu na ishirini hivi, mia tatu na arobaini ukikizima kila ukipumzika. Na kile kitelevisheni cha ndani kinachokula betri ukikitoa jicho kinajizima chenyewe, lakini siyo upesi. Nakueleza tu, kama fundi.

Bamba la shaba limekamilika. Limependeza. Lina gramu mia tatu themanini.

Fundi


16 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Begi ni zuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa. Mwambie mkaza mjomba nimelivaa ndani ya nyumba siku nzima. Na uliponifikisha kwenye gramu thelathini nilipiga kelele ya furaha, halafu nikakaa kitandani nikalia.

Nyundo sinaye.

Nilikuambia yuko mahali salama na sikusema uongo, yuko kwenye kabati la kioo, dukani. Nilimpeleka mimi mwenyewe siku ile ile niliyopewa kiti. Kamera mpya ya kununua sikuwa na uwezo nayo, na mwenye duka alikubali tubadilishane, mwili kwa mwili. Alimshika Nyundo akasema, "Huyu katunzwa na mtu anayejua." Nikasema ndiyo. Nikatoka na Kiberiti mfukoni, mfukoni kweli, Mjomba, na shingo yangu nyepesi mpaka nikajisikia vibaya.

Ulinipa Nyundo nikiwa na miaka kumi na saba. Ulinivika shingoni, ukasema wewe umechoka, niendelee mimi. Najua hukumpa mtu mwingine yeyote ingawa walimwomba wengi. Ningekuomba ruhusa, ningejua la kufanya ukisema hapana? Ndiyo maana sikuomba. Ni woga na haraka, sina kisingizio kingine.

Juzi nilipita dukani. Kabati ni tupu. Amechukuliwa.

Kwa hiyo sina kamera yoyote, na leo ni tarehe kumi na sita. Nikasirikie unavyotaka, baada ya mashindano nitakuja nikae mbele yako uniambie yote. Lakini nakuomba, nakupigia magoti, Kiberiti kifike kabla ya ishirini na mbili. Bila hicho nitapanda pikipiki na mfuko wa sukari.

Nisamehe.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa,

Kamera yako hii. Pete imekazwa, haichezi. Bamba limo kwenye boksi, ukitaka lifunge, hutaki liache.

Mjomba wako


22 Machi, saa tisa alasiri

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ina mistari miwili. Nimeihesabu. Ungenitukana kurasa kumi ningepona, lakini mistari miwili imenikata maini.

Nilikuwa nimeamua nisikuandikie mpaka mashindano yaishe. Lakini limetokea jambo na siwezi kukaa nalo.

Leo nimekutana na Breki kwa mazoezi ya mwisho. Nimewasha Kiberiti, nikainua, nikabonyeza. Kimekataa. Nikabonyeza tena. Kimekataa. Kesho kutwa ni mashindano! Nikasoma kwenye kioo cha nyuma: kadi ya pili imejaa.

Mjomba, kamera hii ina mifereji miwili ya kadi. Nyundo alikuwa na mmoja. Kadi ya kwanza uliyokuwa unatumia umeitoa, umefuta nyayo zako vizuri kama fundi. Lakini mimi nilikuwa nimeipanga ili kila picha iandikwe mara mbili, moja kwa kila kadi, ili nisije nikapoteza picha ya mashindano. Ya pili iko chini ya ya kwanza, imejificha. Hukuiona.

Picha elfu moja mia moja na nne.

Nimeketi ukingoni mwa barabara na Breki begani kwangu, tukazitazama zote. Mkaza mjomba anaanika mashuka na upepo umemfunika uso, vidole tu vinaonekana, na vinacheka, sijui vidole vinachekaje lakini vinacheka. Kinyozi wa upande wa pili wa barabara amefunga jicho moja anapima ndevu za mteja. Mzee muuza funguo amelala na funguo mia zimesimama nyuma yake. Mkono wa mtu unaopokea mkate. Breki akanirudisha kwenye ile ya mashuka mara tatu. Kisha akaniuliza, "Huyu aliyezipiga ni nani, na kwa nini siye aliyepanda pikipiki yangu?"

Mwanzoni kuna kama thelathini hivi zina ukungu. Halafu ghafla zinakuwa kali, mpaka nyuzi za shuka unazihesabu. Kama mtu aliyegundua kitu.

Miaka minane hujapiga picha hata moja. Kwenye harusi ya dada yangu nilikuomba upige moja tu, ukasema shingo inakuuma. Uliniambia umechoka. Mtu aliyechoka hapigi elfu moja mia moja na nne kwa siku kumi na mbili! Kwa nini hukuniambia? Na mimi nikaja nikakunyang'anya.

Nimezihamisha zote, hakuna iliyopotea. Kadi nimeisafisha, kesho kutwa napanda. Andika kupitia ofisi ya vifurushi ya hapa, nitapita kila jioni.

Mpwa wako


24 Machi

Mpwa wangu,

Mifereji miwili! Miaka thelathini na tano nafungua kamera za watu, nimeshindwa na mlango. Usimwambie mteja wangu yeyote.

Nilipopata barua yako ya Nyundo nilikasirika kweli, sitakuficha. Nilienda kukaa nyuma ya nyumba. Lakini hasira yangu ilikuwa na mwenzake, na huyo mwenzake ni aibu, ndiyo maana nikaandika mistari miwili. Wa tatu ungenisema mwenyewe.

Jicho langu la kulia lina ukungu. Ulianza kidogo, nikawa nafuta lenzi nikidhani ni lenzi. Miaka minane iliyopita niliitwa kuwapiga picha wauguzi waliohitimu, arobaini na mmoja, wamejipanga na sare zao mpya. Nilipiga kutwa. Nilipozisafisha, hakuna hata moja iliyokuwa kali. Sura arobaini na moja, zote kama zimechorwa kwa maji. Nikawaambia kamera imeharibika. Nilimsingizia Nyundo, mpwa wangu. Nyundo hakuwa na kosa lolote. Wiki iliyofuata nikakuvika wewe shingoni, nikasema nimechoka. Nilikupa kamera niliyoichafulia jina, halafu leo nikununie kwa kuiuza? Ningepata wapi uso huo.

Mezani kazi inaendelea kwa sababu nina lenzi ya kukuzia na skrubu iko mbele ya pua. Lakini kwenye kamera ya kioo, unachungulia mwanga wenyewe, na mwanga huo ukipita kwenye jicho bovu unafika umechoka. Ulipoleta Kiberiti nilikicheka. Kisha nikaweka jicho. Mle ndani ni televisheni ndogo. Unaing'arisha. Unakuza kitu unachokitaka mpaka kijae. Na ukikipanga, kinapaka rangi nyekundu kwenye kingo za kile kilichokaa sawa. Siku ya tatu nilikigundua hicho, ndipo zile zako zenye ukungu zilipoishia. Nilikielekeza kwa mke wangu kwenye kamba, kingo za vidole vyake zikawa nyekundu, nikabonyeza.

Nilipiga kelele. Akauliza nini, nikasema nimejichoma na bisibisi.

Ndiyo maana nilichelewesha. Kila asubuhi nasema leo natuma, halafu naona kinyozi amefungua. Nilijua unaye Nyundo, nikajiambia atafaa. Hebu fikiria, kila mmoja wetu amekaa juu ya siri yake na siri zenyewe zinagombania kamera moja!

Nyundo amenunuliwa, basi anafanya kazi mahali. Hilo limekwisha, usiliandike tena.

Leo umepanda. Najua sasa hivi uko kwenye kona. Shika vizuri, mama. Nimeshindwa kula.

Mjomba wako


27 Machi

MJOMBA!

Shikamoo! Ukurasa wa mbele! Nimekuwekea gazeti zima kwenye boksi, lakini usilifungue kwanza, nisome mimi!

Siku ya kwanza, mizani. Wanaume watatu mbele yangu wameshushwa, mmoja alikuwa anatoa soksi kwenye begi huku anabishana. Likatundikwa turubai la mkaza mjomba. Kilo nne na gramu mia tatu na arobaini! Ndiyo, na shaba! Nilikuwa nimelifunga bamba lako usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hasira tu, nikuthibitishie halifai. Kidole kidogo kikakaa. Mkono wote ukatulia. Sijalifungua tena.

Siku ya pili mvua, na betri. Ulisema mia tatu na ishirini, na kwa baridi ile hata hizo sikufika. Saa sita mchana nilikuwa nimebakiwa na moja, na kilomita hamsini mbele. Nikawa nazima na kuwasha kila kona, nimezikosa picha mbili nzuri nikisubiri kiwake, nimetukana mpaka Breki akageuka kunitazama, na hapo ndipo nilipojua kumbe breki anazo. Nyundo asingenifanyia hivyo, lazima niseme ukweli. Nyundo angekuwa macho siku nzima.

Lakini siku ya tatu, Mjomba! Kona ya mwisho, lami imelowa, wanakuja wawili bega kwa bega. Kutokea juu, pale nilipokaa, unaona kofia tu na maji. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma yangu nikamshika Breki kiunoni, nikanyoosha wa kulia chini kabisa, nimekishika Kiberiti kwa bamba lako, kiko karibu na lami kiasi kwamba maji yanakirukia, nachungulia kwenye kioo cha nyuma nilichokiinamisha juu. Kwa mkono mmoja! Nyundo na lenzi yake ningemshika hivyo sekunde mbili halafu angeondoka na bega langu. Na bila shaba yako Kiberiti kingechomoka.

Gurudumu la yule wa kwanza likateleza. Na mwenzake, ambaye angeweza kumpita akachukua ushindi, akatoa mkono akamdaka bega. Wameyumba pamoja, nyuso zao mbili zimeelekea kwangu, midomo wazi, mkono ule katikati. Nikabonyeza. Hakikulia, ila moyo wangu ndio uliolia klak.

Hawakuanguka. Wa tatu akawapita wote akashinda, na hakuna anayemkumbuka, maskini.

Mhariri ametazama, akauliza, "Hii umeipigia wapi, umelala barabarani?" Kisha akasema Jumatatu nianze. Dirishani wamemweka mwingine!

Sasa cheka. Mtunza stoo wa gazeti amenipa kamera ya kazi. Nimefungua sanduku nikabaki nimeduwaa: ya kioo, ya miaka ile ile ya Nyundo, kubwa kumshinda, gramu elfu moja mia tano na thelathini. Wanazo sita na hawana mpango wa kubadilisha. Mimi kijana nimerudi kubeba chuma, shingo imeanza kuuma leo hii. Na wajua, nilipoipiga mara ya kwanza, ule mlio, nimetabasamu.

Kwa hiyo Kiberiti ni chako. Kimo chini ya gazeti, na betri zote, na shaba yake. Usinirudishie, sitakipokea. Nimezipanga kadi zote mbili, zote tupu.

Lakini nina sharti. Nimemuuliza daktari wa macho aliyeko karibu na ofisi yetu. Anasema ukungu wa namna hiyo huenda ni mtoto wa jicho, na unaondolewa. Nenda upimwe. Na mwambie mkaza mjomba ukweli. Mimi nimeshasema wangu, nikapona.

Mpwa wako,
mpiga picha wa gazeti (nimeandika hivyo mara ya kwanza)


31 Machi

Mpwa wangu, mpiga picha wa gazeti,

Marahaba mara mia. Ukurasa wako umebandikwa kwa kinyozi, kwa muuza funguo na juu ya jiliwa langu. Ule mkono begani nimeutazama kwa lenzi ya kukuzia mpaka wino. Ni kali. Kali mpaka ukucha. Nimemwambia kila anayeingia kwamba bamba la chini ya kamera nililichonga mimi, hata wanaoleta saa.

Kiberiti kimefika na sikirudishi, usijidanganye kwamba ningebisha.

Jana nimetimiza sharti lako. Nilimsubiri mke wangu amalize kazi ya cherehani, nikamwambia kaa. Nikamwambia yote, ukungu, wauguzi, Nyundo niliyemsingizia, miaka minane ya kusema shingo. Yeye alikuwa anavuta uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa.

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajua nini.

Akasema, "Miaka minane kila tukivuka barabara nakushika mkono. Wewe ulidhani ni kwa nini?"

Mpwa wangu, nilidhani ni mapenzi. Nikamwambia hivyo hivyo, nilidhani ni mapenzi.

Akaiweka sindano mezani, akanitazama. "Sasa wewe mwanamume, mapenzi unadhani ni kitu gani?"

Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Tutavuka barabara mbili.

Mjomba wako